Ubao Ukiwaka Nyekundu, Nani Akimbie?

Skrini za kuonyesha uzalishaji zimeshuka bei kiasi kwamba hata kiwanda cha wastani cha Dar es Salaam, Thika au Kampala kinaweza kutundika moja juu ya kila laini. Kihisi kidogo hufungwa kwenye mashine, huhesabu kila bidhaa inayopita na kupeleka hesabu hiyo kwenye kompyuta, na sekunde chache baadaye namba hubadilika ukutani mbele ya macho ya wote: lengo, kilichopatikana, pengo. Wauzaji wa mifumo hii huahidi kwamba meneja ataona kila kinachotokea kiwandani papo hapo, awe ofisini au awe nyumbani na simu yake mkononi, na kwa kiasi kikubwa ahadi hiyo ni ya kweli. Shaka yangu iko kwingine. Mnunuzi hujiuliza kwa nadra sana kitu gani kinatakiwa kufuata baada ya namba kuonekana, na hasa nani anatakiwa kuinuka alipoketi pale rangi inapogeuka kuwa nyekundu. Ninavyoona, ubao wa uzalishaji una faida pale tu unapomlazimisha aliye juu kumfuata aliye kwenye mashine. Ukitumika kumsukuma aliye kwenye mashine, utaleta namba za kupendeza huku kiwanda chenyewe kikioza taratibu.

Wazo la kutundika rangi mbele ya mfanyakazi ni la zamani kuliko umeme wa viwandani. Robert Owen, aliyechukua usimamizi wa viwanda vya pamba vya New Lanark huko Uskoti mwaka 1800, alitengeneza kipande cha mbao chenye pande nne, kirefu cha takriban sentimita tano, ambacho kilining'inizwa karibu na kila mfanyakazi. Upande mmoja ulikuwa mweusi, wa pili buluu, wa tatu njano na wa nne mweupe. Kila siku msimamizi aligeuza mbele rangi iliyoeleza mwenendo wa mtu huyo siku iliyotangulia, nyeusi ikiwa mbaya kabisa na nyeupe ikiwa bora, kisha daraja hilo likaandikwa kitabuni. Owen alijivunia kwamba kwa njia hiyo hakuhitaji viboko, na kwa kipimo cha enzi ile, ambapo watoto walichapwa kwenye mitambo ya kusokota nyuzi, majivuno yake yalikuwa na msingi. Aliruhusu hata mfanyakazi aliyeona ameonewa aende kulalamika kwake. Hata hivyo, rangi ile ilimsema mtu. Haikueleza kama pamba ilikuwa na takataka, kama mkanda wa mtambo ulikuwa umelegea, au kama mto uliozungusha magurudumu ulikuwa umepungua maji. Hata msimamizi aliyegeuza kile kipande cha mbao alikuwa na chake, kilichogeuzwa na mkuu wa kiwanda, nacho pia kilimsema mtu.

Mkondo wa pili wa wazo hili ulianzia Japani, nao pia ulianzia kwenye nguo. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe mara uzi ulipokatika. Kabla ya hapo mfumaji alilazimika kuukodolea macho mtambo wake muda wote, kwa sababu uzi ukikatika bila kuonekana, mita kadhaa za kitambaa huharibika. Mtambo ulipoweza kugundua hitilafu na kusimama, mfumaji mmoja aliweza kuhudumia mitambo mingi, na kazi yake ikabadilika: badala ya kulinda mtambo unaokwenda vizuri, aliuendea ule uliosimama. Kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers ilinunua haki za mtambo huo mwaka 1929 kwa pauni 100,000. Toyota ya magari ilizaliwa katika ukoo huohuo wa wafumaji, na Taiichi Ohno, mhandisi ambaye jina lake limefungamana na mfumo wa uzalishaji wa Toyota, aliingia kiwanda cha magari mwaka 1943 akitokea kwenye kampuni ya ufumaji ya ukoo huo. Alikuja na swali la mfumaji: kama mtambo unaweza kusimama wenyewe unapoona kasoro, kwa nini mtu anayefunga gurudumu asiwe na uwezo huo?

Jibu lake ndilo linaloitwa andon, na inafaa kueleza linavyofanya kazi kwa undani, kwa sababu wengi wanaolinakili hunakili taa tu. Juu ya laini ya kuunganisha magari hupita kamba. Mfanyakazi akiona boliti haikazi, au sehemu aliyoletewa ina mkwaruzo, au amechelewa na gari linamwacha, huivuta. Laini haisimami hapohapo. Taa ya njano huwaka kwenye ubao mkubwa ulioning'inizwa juu, namba ya kituo chake hujitokeza, na muziki mfupi hupigwa ili hata asiyetazama ubao asikie. Kiongozi wa kikundi hufika. Gari bado linasogea kuelekea alama iliyochorwa sakafuni mwishoni mwa kituo, na muda huo mfupi ndio walio nao wawili hao kumaliza tatizo. Wakifanikiwa, kamba huvutwa tena na taa huzima, na laini nzima haikupoteza hata sekunde. Wasipofanikiwa, gari likifika kwenye alama, sehemu hiyo ya laini husimama na taa hugeuka nyekundu. Sehemu nyingine huendelea kwa muda, kwa kuwa kati ya sehemu na sehemu huachwa magari machache ya akiba. Baadhi ya viwanda vya Toyota sasa vina vitufe badala ya kamba, lakini utaratibu haujabadilika.

Katika maelezo hayo, aliyewasha taa ni mfanyakazi wa kituo na aliyelazimika kukimbia ni kiongozi wake. Kiongozi naye, tatizo likimshinda, humwita aliye juu yake. Ubao umewekwa pale kwa ajili ya watu hao wawili watatu, na unaonyesha namba ya kituo bila kutaja jina la mtu. Kiongozi akifika, swali lake la kwanza huihusu kazi: boliti ina nini, sehemu imetoka wapi. Kamba hiyo inaweza kuvutwa mara nyingi sana katika zamu moja, na menejimenti hulichukulia jambo hilo kuwa sehemu ya kawaida ya siku ya kazi.

Mfano unaotajwa sana wa uwezo wa utaratibu huo ni kiwanda cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kama ubia wa General Motors na Toyota ulioitwa NUMMI, na sehemu kubwa ya wafanyakazi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi wa magari, UAW. Mamia kati yao walipelekwa Japani kujifunza kazi kwenye laini za Toyota. Katika kiwanda cha zamani, kusimamisha laini lilikuwa jambo la kuogopwa: gari lenye kasoro liliachwa liende, likarekebishwe mwishoni uwanjani. Katika kiwanda kipya mtu yuleyule alipewa kamba na akaambiwa aivute. Ndani ya miaka michache tu ubora wa magari ya NUMMI ulikuwa miongoni mwa bora kabisa katika viwanda vya General Motors, na utoro ulishuka sana. Kisha General Motors ikajaribu kuhamishia mafunzo hayo kwenye viwanda vyake vingine, na ikachukua miaka mingi kuona matunda. Kutundika kamba hakukuwa na ugumu wowote. Kilichokuwa kigumu ni kumbadilisha meneja aliyepandishwa vyeo maisha yake yote kwa sababu laini yake haikusimama, akaanza kumshukuru anayeisimamisha.

Kuna gharama moja isiyotajwa kwenye matangazo ya skrini. Kiongozi wa kikundi katika laini ya Toyota huhudumia watu wachache, kwa kawaida hawazidi wanane, na kwa kawaida hana kituo chake mwenyewe cha kukaa. Yuko huru ili aweze kuitwa. Kwa mhasibu anayetazama orodha ya mishahara, huyo anaonekana kama mtu asiyezalisha chochote, na pale gharama zinapopunguzwa ndiye wa kwanza kupangiwa mashine. Hapo ndipo mfumo mzima hufa huku taa zikiendelea kuwaka. Ningemshauri mwenye kiwanda yeyote aanze hesabu zake hapo kabla ya kuuliza bei ya skrini: kama hawezi kumlipa mtu wa kuitikia wito, basi vihisi na nyaya vyote atakavyofunga vitamletea habari za moto kwenye nyumba isiyo na ndoo ya maji.

Tuje kwenye viwanda vyetu. Aliyewahi kuingia kiwanda cha nguo katika ukanda wa mauzo ya nje wa Athi River, au kiwanda cha aina hiyo upande wa Tanzania, anaufahamu ubao wa saa. Ni ubao mweupe mwishoni mwa laini, umechorwa mistari kwa kalamu ya wino mzito: saa, lengo, halisi, jumla, kasoro, na upande wa kulia kabisa safu iitwayo sababu. Lengo lenyewe lina kanuni. Tuseme laini ina mafundi 40 wa cherehani, na shati moja limepimwa kuwa na dakika 20 za kazi kuanzia kola hadi upindo. Kwa ufanisi wa asilimia 100 laini hiyo ingetoa mashati 120 kwa saa. Kwa kuwa hakuna laini inayofikia hapo, msimamizi hupewa lengo la asilimia 65, yaani mashati 78. Saa ya kwanza anaandika 78, saa ya pili 76, saa ya tatu 50.

Ile 50 ndiyo habari yenyewe. Kwenye skrini ya kisasa ingegeuka nyekundu, na kwenye simu ya meneja ingelia kengele. Lakini ukitaka kujua kilichotokea lazima usome safu ya sababu, na ikiwa imeandikwa kwa uangalifu utakuta jambo kama hili: mashine ya matundu ya vifungo ilivunja sindano na kuharibu mpangilio wake, fundi mitambo alikuwa laini nyingine, akafika baada ya dakika 22. Sentensi hiyo moja ina kazi tatu ndani yake. Inamwambia mkuu wa matengenezo kwamba fundi mmoja hatoshi kwa laini alizopewa, au kwamba mashine ya matundu, iliyo moja tu kwenye laini nzima, inahitaji nyingine ya akiba. Inamwambia mtu wa stoo kwamba sindano zinavunjika na pengine aina iliyonunuliwa hailingani na unene wa kitambaa. Na inamwondolea lawama dada aliyekuwa kwenye mashine ile, ambaye kwa dakika 22 alikaa mikono mapajani akisubiri, huku yeyote aliyepita akidhani anazembea.

Tatizo ni kwamba vihisi vinajua mashine ilisimama saa ngapi na kwa sekunde ngapi, ila havijui kwa nini. Wasanifu wa programu wanalifahamu hilo, na hulitatua kwa kumtaka mfanyakazi achague sababu kwenye orodha ya skrini ya kugusa: hitilafu ya mashine, malighafi, kubadilisha bidhaa, umeme, mengineyo. Mtu mwenye haraka, anayejua kwamba lengo linaendelea kumkimbia, atabonyeza kitufe kilicho karibu na kidole. Baada ya miezi michache kiwanda kinakuwa na hifadhi kubwa ya takwimu ambazo neno linaloongoza ndani yake ni mengineyo. Hapo ubao wa kalamu, pamoja na ufukara wake wote, unaishinda skrini: mtu anayeandika kwa mkono wake anaweza kuandika kitu ambacho aliyetengeneza orodha hakukifikiria. Sisemi vihisi havina kazi. Vinakamata visimamo vidogo vya mashine vya sekunde 40 au dakika moja, chupa iliyolala kwenye mkanda wa kiwanda cha vinywaji au lebo iliyokunjamana, ambavyo hakuna mtu angehangaika kuviandika, na ambavyo vikijumlishwa kwa zamu nzima huweza kuzidi hitilafu kubwa iliyopigiwa kelele. Hayo ni mambo ambayo jicho na kalamu haviwezi. Ila kihisi na kalamu vinafanya kazi mbili tofauti, na kiwanda kinachofuta ubao wa kalamu siku skrini inapowashwa kinatupa nusu ya ujuzi wake.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutilia shaka imani kwamba kuonekana kwingi huleta ukweli mwingi. Kati ya Novemba 1931 na Mei 1932, katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, watafiti waliwatazama wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Walikuta kwamba kikundi hicho kilikuwa na kiwango chake cha siku, kilichokubaliwa bila kuandikwa, na aliyekizidi alipigwa ngumi ya begani na wenzake. Aidha, taarifa walizotoa hazikulingana na kazi waliyofanya: siku njema walitaja pungufu, siku mbaya wakaongeza, ili mstari uonekane umenyooka. Walikuwa na hofu ambayo kwa miaka ile ya mdororo wa uchumi haikuwa ya kipuuzi. Waliamini kwamba wakionyesha uwezo wao wote, malipo kwa kipande yangepunguzwa au wenzao wangeachishwa kazi. Si ajabu basi kwamba hata leo fundi wa kushona huweka vipande vya akiba chini ya meza kwa ajili ya saa mbaya. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na inafanywa na watu wenye akili timamu. Kihisi kinaweza kuuondoa ufuniko huo kwa siku moja. Hofu iliyousababisha hakiigusi, na hofu hiyo itatafuta njia nyingine, kwa kawaida kwa kupunguza kasi ya mashine yenyewe hadi pale ambapo hakuna wa kushtuka.

Utafiti wa Ethan Bernstein, uliochapishwa mwaka 2012, unalionyesha jambo hili kwa upande wake wa kushangaza. Alichunguza kiwanda kikubwa cha simu za mkononi kusini mwa China, chenye sakafu pana iliyo wazi kila upande ili wasimamizi waone laini zote. Wanafunzi aliowaingiza kama wafanyakazi waligundua kwamba wenzao walijua njia za haraka na bora kuliko zile zilizoandikwa kwenye maelekezo, na kwamba walizificha kila msimamizi alipokaribia, kwa sababu kueleza njia mpya kulikuwa na gharama na kukutwa ukiitumia kulikuwa na lawama. Ndipo laini kadhaa zikazungushiwa pazia. Uzalishaji wa laini hizo ulipanda kwa kati ya asilimia 10 na 15. Hesabu ziliendelea kuchukuliwa kama kawaida. Kilichoondolewa ni macho ya watu wa juu, huku ndani ya pazia wafanyakazi wakionana wao kwa wao, wakifundishana na kusaidiana vituo. Mtu anayependa skrini anaweza kusema kwamba hilo ni suala la China na la simu. Mimi naliona kuwa onyo la moja kwa moja kwa yeyote anayepanga skrini itazame upande gani. Ubao unaowaelekea walio kwenye laini, unaowaambia walipo na unaowasaidia kuitana, ni kitu tofauti na ubao unaomwelekea mgeni anayetembezwa kiwandani na mkurugenzi.

Mfano mbaya kabisa unaojulikana hadharani unatoka mahali ambapo msomaji asingetarajia. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika kuhusu wafuaji wa mashuka na taulo katika hoteli za Disneyland huko Anaheim, California, ambako skrini kubwa zilionyesha majina ya wafanyakazi na kasi ya kila mmoja ikilinganishwa na lengo. Wafanyakazi waliuita mfumo huo mjeledi wa kielektroniki. Baadhi yao walieleza kwamba waliacha hata kwenda chooni ili namba zao zisishuke. Hapa tumerudi kwa Owen kwa mzunguko wa karne mbili, na tumepungukiwa, kwa kuwa Owen aligeuza rangi mara moja kwa siku na aliacha mlango wa kulalamika wazi, ilhali skrini hugeuka kila dakika na haina pa kulalamikiwa.

Wapo watakaosema kwamba mfanyakazi mzuri hana cha kuogopa, na kwamba bila kuonyeshana namba uzembe hautakwisha. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi kwa watu ninaowaheshimu, na haikosi chembe ya ukweli: wazembe wapo, na laini nzima huwajua kwa majina kabla hata skrini haijanunuliwa. Lakini katika laini ya watu 40 wanaopokezana kazi, kasi ya mtu mmoja mara nyingi huamuliwa na kile kinachomfikia. Fundi wa kuunganisha mikono ya shati hawezi kwenda haraka kuliko anayemletea mabega, na akichelewa kwa sababu mabega yameshonwa vibaya, skrini itamwandika yeye. Kumshindanisha na jirani yake kwa namba ya aina hiyo ni kuwafunza wote wawili kusukuma kasoro mbele.

Namba zenyewe nazo zina mitego yake. Iliyoenea zaidi viwandani ni ufanisi wa jumla wa mtambo, kipimo kilichotangazwa na Mjapani Seiichi Nakajima, ambacho huzidisha vitu vitatu: muda ambao mtambo ulifanya kazi kweli, kasi yake, na sehemu ya bidhaa zisizo na kasoro. Mtambo wenye asilimia 90 kwa kila kimoja hupata asilimia 72.9 tu, jambo linalowashtua wengi kwa mara ya kwanza, na kiwango cha 85 ambacho Nakajima alikiona kuwa cha viwanda bora huhitaji takriban 90, 95 na 99. Kipimo hicho ni kizuri kwenye meza ya mhandisi, akikitenganisha vipande vyake. Kikitundikwa ukutani kama namba moja, na bonasi ya msimamizi ikafungwa hapo, huanza kupotosha. Njia rahisi ya kuikweza namba hiyo katika kiwanda cha vinywaji ni kukwepa kubadilisha bidhaa: endelea kujaza chupa za ladha ileile zamu tatu mfululizo, kwa sababu kila kubadilisha ladha kunahitaji kuosha mabomba na kusimamisha mtambo. Skrini itakuwa kijani siku nzima. Ghala litajaa soda ambayo hakuna aliyeiagiza, na duka lililoagiza ladha nyingine litasubiri. Ohno aliuona uzalishaji wa kupita mahitaji kuwa ubadhirifu mbaya kuliko wote, na hapa kipimo kilichozaliwa Japani kinatumika kuuzawadia.

Jambo moja zaidi ni letu zaidi kuliko la Toyota. Skrini nyingi hupandisha lengo kwa saa: kwa mashati 78 kwa saa, namba ya lengo huongezeka kila baada ya sekunde 46 hivi, iwe mvua au jua. Umeme ukikatika kwa dakika 20, jenereta ikawashwa, skrini iliyofungwa kwenye betri yake haijui habari hizo. Lengo litakuwa limesonga kwa mashati 26 ambayo hakuna mkono ungeweza kuyashona, na laini itamaliza zamu ikiwa nyekundu. Kwenye idara ya kupiga pasi hasara haiishii kwenye dakika 20, kwa maana boila lazima ipate tena mvuke. Mfumo uliosanifiwa kwa ajili ya Nagoya au Stuttgart hauna sababu ya kulifikiria hilo. Anayenunua mfumo wa namna hiyo kwa kiwanda cha Ubungo au Ruaraka ana kila sababu ya kudai, kabla hajalipa, kwamba lengo lisimame umeme unaposimama, na kwamba muda huo uandikwe peke yake, ili siku meneja atakapokwenda kuzungumza na shirika la umeme au kufikiria jenereta kubwa zaidi awe na hesabu yake mkononi.

Ardhi ya kupandia fikra hizi haiko tupu. Tangu mwaka 2013 wizara inayoshughulikia viwanda nchini Tanzania, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, imekuwa ikifundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, katika viwanda vidogo na vya kati, na msingi wa mafunzo hayo ni kumsikiliza anayeifanya kazi. Kiwanda kilichopitia hatua hiyo, ambacho mafundi wake wamezoea kusema mbele ya bosi kwamba meza hii imewekwa pabaya, kiko tayari kwa taa na hata kwa skrini. Ambacho hakijafika hapo kitakuwa kimenunua runinga.

Sheria nayo imeanza kuingia mlangoni. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Takwimu za kasi zinazomtambulisha mtu kwa jina ni taarifa zake binafsi, na kuzitundika ukutani mbele ya wageni na wateja ni uamuzi ambao mwajiri anapaswa kuweza kuutetea. Njia ya kuepuka kesi ni nyepesi, tena ndiyo iliyo bora kikazi: ubao uonyeshe namba ya kituo na ya laini, majina yabaki kwenye mazungumzo kati ya mtu na kiongozi wake.

Kama ningeombwa ushauri na mwenye kiwanda cha laini tano au sita, ningemwambia aahirishe skrini kwa mwaka mmoja. Aanze na swichi kwenye kila kituo, taa juu ya kila laini, fundi mitambo aliyepunguziwa eneo, na ubao wa kalamu wenye safu pana ya sababu. Kitu cha kwanza cha kupimwa na kutundikwa hadharani kiwe muda kati ya taa kuwaka na mtu kufika, na ubao huo utundikwe karibu na ofisi ya meneja wa uzalishaji, kwa sababu namba hiyo ni yake. Miezi ya mwanzo wito utaongezeka na pengine uzalishaji utashuka kidogo, na hapo ndipo meneja atakaposhawishika kutangaza kwamba taa zinatumika ovyo. Akitangaza hivyo, zitazimika zote ndani ya siku chache na hazitawaka tena kwa hiari ya mtu. Mwaka ukiisha salama, sababu zilizoandikwa kwa mkono ndizo zitakazomwambia msanifu wa programu ni nini hasa kinafaa kupimwa na vihisi, na ni mashine zipi kumi kati ya mia mbili zinazostahili kufungwa. Na katika mwaka huo wote, laini ya watu 40 iliyopita wiki nzima bila mtu hata mmoja kubonyeza swichi ndiyo meneja aitembelee kwanza.